Upana wa Kidole cha Mbonea

Siku niliyompima Mbonea kidole, ukungu ulikuwa umeingia hadi chumbani, na mkwewe Naelijwa alikuwa akiufukuza kwa upindo wa kanga kana kwamba ni moshi.

"Utatoka wenyewe, mwanangu," nilimwambia.

"Unamlowesha, bibi. Hebu tazama nyusi zake."

Kweli, nyusi za Mbonea zilikuwa na matone madogo madogo. Naelijwa aliyafuta kwa ncha ya kidole, upande mmoja kisha wa pili, taratibu, bila kumgusa jicho. Nikajisemea moyoni kwamba mzee huyu yuko mahali pazuri.

Mbonea alikuwa na miaka sabini na minane. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, kikachukua na sauti. Kichwa kilibaki kikitikisika chenyewe mchana kutwa, kama mtu anayekubali kila neno, hata ungemuuliza kama yeye ni kuku. Macho yalichoka upesi, yakafumba katikati ya swali. Kilichobaki kinamtii ni kidole kimoja tu, kile cha shahada cha mkono wa kushoto.

Kazi yangu ni kupima mikono. Vishikwambi vinaletwa huku Miamba kutoka kiwandani vikiwa vitupu, kioo laini kinachovutika kama donge la chapati, bila herufi hata moja. Mpaka mpimaji akieleze mkono wa mwenyewe, ndipo kinajua pa kuinua vitufe. Nikishamaliza, mwenye nacho anaweka vidole tu na vitufe vinatutumka chini yake, vya uvuguvugu, kila kimoja pale kidole chake kinapopatafuta. Akikishika mtu mwingine, kioo kinabaki bapa kama maji yaliyotulia.

Nilimpaka unga wa muhogo kidoleni, nikamwekea ubao wangu mweusi chini ya mkono, nikamwambia aguse. Mtu mzima huacha doa la milimita tisa au kumi. Wakulima wa tangawizi, wenye vidole vilivyopanuka kwa kuchimba, hufika kumi na mbili. Kidole cha Mbonea kilitua, kikateleza, kikalala. Nikaweka rula. Milimita ishirini na mbili.

"Ni kubwa sana?" Naelijwa aliuliza.

"Ni doa la mtu aliyechoka."

Nilikuwa na saizi mbili za kuchagua. Kioo cha sinia kina vitufe vya milimita ishirini na nne, na doa lake lingeenea ndani ya herufi moja bila kugusa jirani. Lakini mkono ungelazimika kusafiri kutoka pembe hii hadi ile, na mkono ule haukuweza hata kumfukuza nzi. Kioo cha kiganja kina vitufe vya milimita sita. Hapo kidole hakisafiri, kinakaa mahali pamoja na kuegemea, huku kidogo, kule kidogo. Doa lingefunika herufi nane au tisa kwa mkupuo, na kibodi ingekisia alitaka ipi, kisha ikisie neno, kisha neno la baada yake.

Nikachagua cha kiganja. Niliuhurumia mkono. Herufi a nikaiweka katikati kwa sababu ndiyo tunayoibonyeza kuliko zote, na kwenye kona ya chini nikabana vitufe viwili vilivyokosa nafasi kwingine, cha kufuta na cha kutuma, ubavu kwa ubavu.

Kidole kikaegemea. Kioo kikawaka rangi ya maziwa, na maneno yakaanza kutoka bila haraka, moja baada ya jingine:

*Asante sana mwanangu Naelijwa kwa kunitunza. Mungu akubariki.*

Naelijwa alikaa kitandani ghafla, akajifunika uso kwa kanga ile ile. Mume wake, ambaye ni mtoto wa Mbonea, anafanya kazi kwenye mashamba ya umeme wa jua huko Dodoma na hurudi mara mbili kwa mwaka. Miezi minne alikuwa anamgeuza, anamlisha na kumfulia mzee yule peke yake, na hakuna aliyemwambia neno.

Nilikusanya ubao na unga wangu nikaondoka polepole, nisimkatize.

*

Nyumba ile ikabadilika. Kila asubuhi kulikuwa na maneno ya Mbonea. Uji ulikuwa mtamu. Umelalaje, mwanangu. Wasalimie watoto wakirudi shuleni. Majirani walikuja kusalimiwa, wakatoka wakitabasamu, na mimi nikipita njiani nilimsikia Naelijwa akiimba huku anaanika mashuka.

Huku kwetu, juu ya mji, neti za ukungu zimesimama mgongoni mwa mlima safu kwa safu, kila moja ndefu kuliko kanisa. Zinaukamua ukungu, na maji yanashuka kwa mabomba hadi ndivani. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo walilojenga mababu zetu, na mpaka leo ndilo linalogawa maji ya mashamba yote. Ukisimama nje asubuhi unasikia mlima mzima ukidondoka, tone kwa tone, karibu na mbali. Mimi hupenda kusimama hapo. Mara nyingine sina hakika kama nimeshaamka.

Hapo ndipo Kiangi aliponikuta Jumanne moja. Kiangi ni mdogo wake Mbonea, ana miaka sabini na mmoja, na alikuwa amekumbatia kishikwambi chake kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

"Dada, shika. Soma. Soma kwa sauti."

"Sina miwani, Kiangi."

"Basi nakusomea." Wala hakukitazama kioo. Alikuwa ameshaikariri:

*Ndugu yangu Kiangi, salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa furaha. Mambo ya zamani tuyaache. Mimi nimekusamehe kwa moyo wote na sina kinyongo. Tuombeane uzima. Ni mimi kaka yako, Mbonea.*

"Ya lini?"

"Ya jana. Nilimwandikia Jumapili. Dada, nilimwambia yote."

"Yote yapi?"

Akaangalia chini, akanieleza. Habari yenyewe nusu niliijua, kama wote tunavyoijua. Miaka thelathini na mitatu iliyopita ndiva ilifurika usiku wa masika, ukuta ukapasuka, na tope likafukia matuta ya tangawizi ya vijiji vinne. Kulikuwa na mlinzi wa kufungua lango maji yakizidi. Siku zote tuliambiwa ufunguo ulikuwa kwa Mbonea. Yeye alisema mara moja tu, "Sikuwa nao," na alipoona hatuamini, hakurudia. Tangu hapo akaitwa Mvunja Ndiva. Mkewe, marehemu Nanzia, alichota maji mwisho wa foleni mpaka alipofariki. Hakuna aliyemwamuru. Aliona tu wenzake hawasogei, naye akawa anakaa nyuma na ndoo yake.

"Ufunguo ulikuwa kwangu," Kiangi alisema. "Nilikwenda harusini Gonja. Nikacheza ngoma mpaka asubuhi. Waliponiuliza nikasema ninao wapi, muulizeni kaka."

Nami nilikuwa mmoja wa wale wanawake wasiosogea.

"Jumamosi ni msaragambo," akaendelea, na uso ukaanza kung'aa tena. "Watu wote watakuwa ndivani kuzoa tope. Nitasimama niseme ukweli mbele yao, halafu mwenyekiti aisome barua ya kaka. Nimelala usingizi, dada! Miaka yote hii nalala kama kuku, jicho moja wazi. Jana nimelala mpaka mke wangu akaja kusikiliza kama napumua."

Nilicheka naye. Msamaha ukisomwa ndivani, kila aliyepo hubandika konzi la udongo ukutani, na jambo lile limekwisha. Halirudiwi na yeyote, hata na yule aliyekosewa. Nilimwona akiteremka njia ya mabomba karibu kukimbia, sweta lake jekundu likififia ndani ya ukungu mpaka likawa rangi ya waridi, kisha likapotea.

*

Kila mwezi mpimaji hurudi kuangalia vitufe, maana mkono hubadilika na kibodi lazima iufuate. Nilikwenda kwa Mbonea kesho yake, Jumatano. Alikuwa amelala, kichwa kikitikisika hata usingizini.

Kila kishikwambi kina kumbukumbu ya miguso, na mpimaji peke yake ndiye huifungua. Hatusomi maneno ya watu. Tunaangalia madoa tu, yametua wapi, yana upana gani, na yanafuatana vipi. Nilitaka kuona kama doa la Mbonea limepungua. Nikafungua ya Jumatatu kwa kuwa ndiyo ilikuwa barua ndefu kuliko zote, nikajua ningepata madoa mengi ya kupima.

Nilipata manne.

Nikadhani ni macho yangu yanakosea. Nikaifuta miwani, nikahesabu maneno ambayo Kiangi alikuwa amenisomea. Maneno thelathini na moja. Miguso minne.

Doa la kwanza lilikuwa limefunika k, n, m na nyingine kadhaa. La pili lilikuwa pale pale, kama mtu anayesisitiza au mtu ambaye kidole kimemshinda. La tatu lilisogea kidogo kushoto. La nne lilikuwa kwenye kona, na lilikuwa limevifunika vitufe vyote viwili, cha kufuta na cha kutuma, nusu kwa nusu.

Nilikaa pale na kioo kikiwaka mapajani mwangu.

Kibodi za huku zimefundishwa kwa barua zetu wenyewe. Watu wa milima hii tulitoa barua za miaka ishirini, kwa hiari, ili wazee wasipate taabu ya kutafuta herufi. Nami nilitoa zangu. Na sisi tunaandika vipi? Mtu akikuuliza habari za mgonjwa unajibu nzuri. Nzuri, anaendelea vizuri. Halafu unavuta pumzi, unasema ila. Ila hajala siku ya tatu. Ila daktari amesema tujiandae. Ukweli wetu wote unakaa baada ya ila, na mwenzako anajua, anausubiri. Kibodi haikujua kusubiri. Ilijifunza kwamba barua ya kuomba radhi hujibiwa kwa nimekusamehe, kwa sababu ndivyo tunavyoanza sote, na kwa mtu ambaye kidole chake hakifiki mbali, mwanzo ndio ukawa barua nzima.

Kwenye kioo kipana isingekuwa na cha kukisia. Kioo nilikichagua mimi.

Nikamtazama Mbonea. Nilijaribu kuwaza ningekuwa mimi hapo. Nimelala, sina mdomo, nasikia watu wakisoma kwa jina langu maneno ambayo labda sikuyasema, na wote wanafurahi. Wanakuja kunishika mkono kunishukuru kwa ajili yake. Na Jumamosi yatasomwa ndivani, na baada ya hapo hata nikipona sitakuwa na ruhusa ya kusema lolote.

Lakini labda aliyasema. Labda miguso ile minne ilitosha, na kibodi ilimsaidia tu kama ninavyomsaidia mtu kuvuka tope. Sikujua. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakuna aliyejua isipokuwa yeye.

*

Naelijwa alikuwa jikoni anachagua maharage ya makande. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Mikono yake iliendelea kuchagua, ila iliacha kutupa mawe. Ilikuwa inayahamisha tu, kutoka upande huu wa ungo hadi ule.

"Na za kwangu?" aliuliza mwishowe. "Zile asante za asubuhi. Zina miguso mingapi?"

"Sijazifungua."

"Usizifungue."

"Sawa."

"Bibi, nakuomba. Usizifungue kabisa."

"Sitazifungua, mwanangu. Si zangu."

Akaweka ungo chini. "Kwani kuna ubaya gani? Baba mdogo Kiangi amefurahi. Mimi nimefurahi. Mtaa mzima unakuja hapa kusalimiwa. Ukimwekea kile kikubwa atachoka, na daktari alisema asichoke. Unataka aandike neno moja kwa saa nzima, na lenyewe liwe baya?"

"Liwe lake."

"Na akishindwa kuandika hata hilo? Tutakuwa tumemnyang'anya haya maneno mazuri, na la kwake hatuna."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimwambia tu kwamba kosa ni langu, kwamba niliutazama mkono nikasahau kumtazama mtu, na kwamba kama yeye atakataa nitaondoka na sitamlaumu, ila nitalazimika kumwambia Kiangi.

Nje mlima ulikuwa ukidondoka. Kisha akainuka, akapangusa mikono.

"Hicho kikubwa," akasema bila kunitazama, "kinaweza kulala juu ya mto?"

*

Kwa Kiangi nilikwenda Alhamisi. Alinikaribisha kwa kelele, akaniwekea kiti kizuri, akamwita mkewe alete chai ya tangawizi. Nilipomaliza kusema, chai ilikuwa haijaguswa.

"Kwa hiyo nimesamehewa na kioo," alisema.

"Sijui umesamehewa na nani. Ndiyo sababu nimekuja."

"Ungekaa kimya mpaka Jumapili, ungekufa?"

"Nisingekufa."

"Sasa?"

"Yeye ndiye amekaa kimya, Kiangi. Mimi nina mdomo."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Dada, wewe umezeeka vibaya," akasema. "Wenzako wanazeeka wanakuwa wapole." Akaingia ndani akafunga mlango, na mkewe akabaki ananiomba radhi kwa macho, kisha akanimiminia chai yangu kwenye chupa ndogo ili niinywe njiani. Niliinywa kwenye kona ya mabomba. Ilikuwa bado moto, na alikuwa ameongeza sukari kwa sababu anajua napenda.

*

Ijumaa asubuhi tulianza kazi. Kioo cha sinia nilikivuta mpaka kikafika upana wote, nikakilaza juu ya mto mapajani kwa Mbonea. Nikazima ukisiaji wote. Sasa kisingemaliza neno la mtu hata kama amebakiza herufi moja.

Tatizo la mkono lilikuwa pale pale, na aliyelitatua ni Naelijwa. Alichukua kanga mbili, akazifunga kwenye boriti ya dari, akatengeneza kitanzi kipana na kukipitisha chini ya kiwiko cha mzee. Mkono ukaning'inia kama unaelea. Ukiusukuma kidogo, unakwenda wenyewe kushoto, unarudi kulia.

"Nilikuwa namwogeshea hivyo," alisema kwa aibu kidogo. "Ili mgongo wangu upumzike."

Nilitazama ule mwendo wa mkono, nikafuta mistari minyoofu ya herufi ambayo kiwanda hupenda. Kiwiko hakiendi kwa mstari. Nikazipanga kwa upinde, kama ukingo wa ungo, irabu zote tano pale mkono unapopumzika, na zile tunazozitumia mara chache huko mwisho. Kufuta nikaweka pembe ya kushoto kabisa. Kutuma nikaweka ya kulia. Kati ya vitufe hivyo kuna upana wa mikono yangu miwili.

"Kaka Mbonea," nilimwambia sikioni. "Hiki hakitakusaidia. Utachoka. Lakini kitakachotoka ni chako, chote."

Kichwa kilitikisika. Kichwa hutikisika siku zote. Kidole ndicho tulichokitazama.

Kilikaa muda mrefu bila kusogea, nikaanza kuogopa. Ukungu uliingia, na safari hii Naelijwa hakuufukuza. Kisha kanga ikalia kwenye boriti, mkono ukaelea, na chini ya kidole kitufe kikatutumka. u. Tukasubiri. j. Baada yake i. Mkono ukapumzika, ukaanza tena, na kwa saa nzima tulikuwa tumeinamia kioo kile kama watu wanaotazama mbegu ikichipua, mpaka maneno yakakamilika.

*uji moto sana*

Naelijwa aliyasoma mara mbili.

"Moto?" akasema. "Uji wangu?"

Kichwa kikatikisika.

"Miezi mitano, baba? Miezi mitano nakuunguza ulimi, na mwezi huu mzima nasomewa uji mtamu, nakuongezea kikombe cha pili?" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia nguzo ya kitanda, mpaka akakaa sakafuni, na machozi yakamtoka. Nilidhani atalia kwa zile asante alizozipoteza. Badala yake alinyanyuka, akachukua kikombe kilichokuwa mezani, akakipuliza kwa uangalifu mkubwa, akaweka tone kwenye kiganja chake kama tunavyowapimia watoto, halafu akamnywesha. Mbonea alikunywa chote.

Sijawahi kuwaona wale wawili wakiwa karibu vile.

Kiangi alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, kofia ameishika mkononi.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Hakuna aliyemjibu, maana wa kujibu hakuwa na sauti. Kiangi akapiga magoti kando ya kitanda, akaongea akikitazama kioo, kwa sababu kumtazama mwenyewe alishindwa.

"Nilikuandikia. Sijui kama ulisoma au ulisomewa. Ufunguo ulikuwa kwangu. Nilikuwa harusini. Nikasema ni wewe, na nikamwona shemeji Nanzia na ndoo yake kila siku, na kila siku nikanyamaza. Nina barua hapa inasema umenisamehe. Imenipa usingizi. Kama si yako, niambie, nitairudisha."

Mkono ulikuwa umelala. Naelijwa alitaka kusema baba amechoka, nikamwona anavyojizuia. Jua lilikuwa limefika dirishani, jeupe, bila umbo, na chumba kizima kilikuwa na mwanga wa maziwa, hata sisi tulionekana kama tumechorwa kwa chaki. Kisha kanga ikalia.

b.

Kiangi alishika ukingo wa mto.

a. Hiyo ilikuwa karibu, haikumgharimu. Kwa d mkono ulikwenda mbali, ukakosea, ukagusa f. Nikanyoosha mkono ili nimfutie, nikaurudisha. Si kazi yangu. Mbonea mwenyewe akausafirisha mkono mpaka pembe ya kushoto kabisa, akafuta, akarudi njia yote, akagusa d. Sikuwahi kuona mtu akifuta herufi moja kwa jasho namna ile. Ndipo nikajua kwamba mtu huyu, alipotaka kufuta, alijua anachofuta.

o.

*bado*

Kiangi alilisoma bila kutoa sauti. Alibaki amepiga magoti kidogo, kisha akajiinua kwa kushika kitanda, kwa sababu magoti yake nayo ni ya kizee. Akatoa kishikwambi chake kidogo mfukoni, akaitafuta ile barua, na mbele yetu akaifuta.

"Haya," alisema. "Nimesikia, kaka. Una haki." Akavaa kofia. Alikuwa amefika kizingitini.

"Baba mdogo," Naelijwa akamwita. "Ngoja. Hajamaliza."

Mkono ulikuwa unaelea tena. Ulivuka irabu kutafuta k, ukakawia hapo. Jasho lilimtoka Mbonea kwenye paji, na Naelijwa alilipangusa bila kuondoa macho kwenye kioo. Tuliacha kuhesabu muda. Kiangi alikuwa amesimama mguu mmoja ndani, mwingine nje, asijue aende au arudi, na herufi zilipokuwa zinatokea alizitamka kwa midomo kama mtoto wa darasa la kwanza.

*bado kesho uje*

Alilirudia lile neno la mwisho mara tatu au nne. Kofia ilimdondoka, hakuiokota.

"Kesho ni msaragambo," nilimkumbusha, kwa sababu lazima mtu amkumbushe. "Watu wote watakuwa ndivani wanakungoja."

"Nitakwenda kwanza niwaambie ufunguo ulikuwa kwa nani. Hilo halihitaji barua." Alijifuta pua kwa mkono wa koti la kanisani. "Nikitoka huko nakuja hapa. Kesho kutwa nitakuja tena, mpaka anifukuze." Akamgeukia kaka yake, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama usoni. "Nije saa ngapi, kaka?"

Kidole kiliinuka. Naelijwa akavuta kigoda, Kiangi akakaa, na sote watatu tukasogea karibu na kioo kungoja herufi ya kwanza.